Beji haitoshi kuitambua snea ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaonunua dramu kupitia matangazo ya mtandaoni hapa Dar es Salaam. Snea kuukuu, yaani zile dramu ndogo zenye nyaya chini yake, nyingi hutangazwa kwa maneno yale yale, "Ludwig orijino ya shaba" (Ludwig ni kampuni ya dramu ya Marekani), na picha moja tu ya beji yenye jina la kampuni. Beji ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mara nyingi imeshikiliwa na kijibomba kilichokunjwa kwenye tundu la hewa, na mwenye koleo huihamishia dramu nyingine kabla chai haijapoa.

Kabla ya kutuma hata shilingi, omba picha ya ndani ya mzinga, yaani mwili wa dramu, ngozi ikiwa imevuliwa, picha ya ubavu wenye wenzo wa kukaza nyaya, na nyingine mkanda wa kupimia ukiwa umelazwa juu ya mzinga. Kuvua ngozi ni kazi ya ufunguo wa dramu na dakika kumi. Anayekataa kuivua, mwache na dramu yake.

Vipimo kwanza. Snea ya kawaida ni inchi 14, kama sentimita 35.6, na kina chake ni inchi 5 au 6.5. Ikiwa na kina cha inchi 12, hiyo ni ya gwaride. Ni dramu nzuri kwa bendi ya matarumbeta, lakini haikai vizuri kwenye stendi ya seti. Angalizo kwa Premier za Uingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960: mizinga yake mingi ni mipana kidogo kuliko ya leo, hivyo ngozi mpya ya inchi 14 hugoma kuingia. Usiilazimishe.

Kisha sumaku. Iguse kwenye mzinga wenyewe, tena kwa ndani, kwa sababu pete zinazobana ngozi na bolti huwa za chuma hata kama mzinga si wa chuma. Ikinasa, mzinga ni wa chuma, wala si shaba. Isiponasa, bado hujashinda: brasi, ile shaba ya njano, na aluminiamu zote mbili hazishikwi na sumaku. Hapo ndipo wengi hupigwa. Snea za Ludwig za aina ya Supraphonic za mwanzo kabisa wa miaka ya 1960 zilikuwa za brasi iliyopakwa kromu. Kuanzia mwaka 1963 hivi, mzinga ukawa wa aluminiamu, na hizo ndizo nyingi. Zote mbili ni dramu bora, ila bei hailingani.

Hewa ya chumvi ya Dar inatusaidia hapa. Chukua tochi, chungulia ukingo wa tundu la hewa na sehemu ambazo kromu imebanduka. Chuma huota kutu nyekundu. Brasi huonyesha unjano na ukungu wa kijani. Aluminiamu hutoa vipele na unga mweupe kama chokaa, na kromu huinuka kama malengelenge kwa sababu haishiki vizuri juu yake. Kisha inyanyue: ya brasi ni nzito waziwazi.

Hesabu pia lagi, vile vishikio vya ubavuni vinavyopokea bolti. Supraphonic ya inchi 14 ina lagi 10. Acrolite, ndugu yake wa aluminiamu aliyetengenezewa wanafunzi, ina 8. Ukiona 8 na unaambiwa Supraphonic, jadili bei upya.

Kuhusu umri, Ludwig walianza kuweka namba kwenye beji mwishoni mwa mwaka 1963, lakini beji hazikufungwa kwa mfuatano, hivyo namba hukupa makadirio tu. Beji ya bluu na kijani cha zeituni ilianza mwaka 1969. Jina WFL ni la kampuni aliyoianzisha William F. Ludwig mwaka 1937, na jina la Ludwig lilirudi mikononi mwake mwaka 1955. Ngozi ya plastiki haikuambii chochote kuhusu umri, kwani ngozi hubadilishwa kila mara.

Kagua matundu. Tundu lililozibwa au lisilo na kazi karibu na wenzo lina maana kwamba wenzo wa asili uling'olewa. Kwa mzinga wa mbao, pima kipenyo pande nne. Tofauti ya milimita tatu ni dalili ya mzinga uliopinda, na ngozi haitakaza sawasawa.

Bolti zikipungua, usikimbilie duka la vifaa Kariakoo. Dramu za Marekani hutumia bolti zenye uzi wa kipimo cha inchi uitwao 12-24, si za milimita. Bolti ya M6 haiingii, na ya M5 huingia ikicheza, kisha inakula uzi wa lagi. Lagi ya miaka ya 1960 ikiharibika, kuipata nyingine ni kazi.

Na jambo linaloniuma zaidi: msasa. Fundi husugua ndani ya mzinga wa mbao ili ung'ae, akafuta mhuri mwekundu wa tarehe ambao Ludwig waliugonga ndani ya mizinga mingi ya miaka ya mwanzo ya 1960. Mhuri huo ndio uliokuwa na jibu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, piga picha, halafu ndipo umwite fundi.

Mpiga dramu na fundi wa ala,
Ilala, Dar es Salaam