Uliza cc kabla ya kuuliza rangi

Mteja akija ofisini kwetu na picha ya gari kwenye simu, mara nyingi anaanza na mambo matatu: rangi, kilomita lilizotembea, na bei ya kule Japani. Sisi tunaotoa magari bandarini Dar es Salaam swali letu la kwanza ni lingine, na wengine linawakera: injini ni cc ngapi, yaani ina ukubwa gani? Ukituambia "ni RAV4" hujatujibu. Tunataka namba yenyewe mpaka tarakimu ya mwisho.

Kaka mmoja alituletea nyaraka za Forester aliyokwisha kuilipia. Muuzaji wa mtandaoni alikuwa ameandika 2,000cc kwenye tangazo, naye akapiga hesabu zake zote kwa hiyo 2,000. Tulipoisoma namba ya chesisi, ilianza na SH9. SH5 ndiyo yenye injini ya lita mbili. SH9 ina injini ya 2,457cc. Kodi yake ikapanda huku gari bado liko baharini, na hapakuwa na la kufanya.

Kinachowachanganya watu ni kwamba huku Tanzania Bara cc inaangaliwa zaidi ya mara moja, na mipaka ya mara ya kwanza siyo mipaka ya mara ya pili.

Mara ya kwanza ni kwenye ushuru wa bidhaa, gari linapoingia nchini. Injini isiyozidi cc 1,000 hailipi ushuru huo. Kuanzia 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Ikizidi 2,000 ni asilimia 10. Mara ya pili ni kwenye usajili wenyewe. Kila gari linalipa 250,000 ya kuandikishwa, kisha inaongezwa ada inayofuata ukubwa wa injini: cc 501 hadi 1,500 ni shilingi 200,000, 1,501 hadi 2,500 ni 250,000, na kuanzia 2,501 ni 300,000. Ndiyo maana kwenye mchanganuo tunaokupa, mstari wa usajili unasomeka 450,000, au 500,000, au 550,000.

Sasa, mteja akisikia "ada ya usajili kwa cc" anadhani hapo ndipo panapouma. Tumewahi kubishana nusu saa na mzee mmoja kuhusu hiyo 50,000 ya daraja hadi daraja, wakati pesa yenyewe ilishaondoka bandarini. Tuchukue gari ambalo Mamlaka ya Mapato (TRA) wamelithaminisha kwa shilingi 10,000,000, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000, jumla 12,500,000. Ushuru wa bidhaa unapigwa juu ya hiyo jumla. Injini ikiwa 1,998cc unalipa 625,000. Ikiwa 2,362cc unalipa 1,250,000. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa mpaka juu ya ushuru huo, kwa hiyo ile tofauti ya 625,000 inazaa 112,500 nyingine. Umeachana na mwenzako kwa 737,500, na wote mnaendesha RAV4. Na thamani hiyo ni ile iliyomo kwenye mfumo wa TRA wa magari yaliyotumika. Risiti yako ya punguzo kutoka kwa muuzaji haiwezi kukuokoa sana.

Umeona namba za injini zilivyo za ajabu, kama 1,998, 996 au 2,499? Hazikutokea tu. Japani nako kodi ya gari ya kila mwaka inapangwa kwa ukubwa wa injini, na ngazi zake zinapanda kila cc 500: 1,000, 1,500, 2,000, 2,500 na kuendelea. Watengenezaji wakajifunza kusimama hatua moja kabla ya mstari. Injini ya lita moja ya Vitz ni 996cc, ya lita moja na nusu kwenye IST ni 1,496cc, ya Noah ni 1,998cc. Vigari vidogo vya kei vina ukomo wao wa 660cc, ndiyo maana Jimny ile ndogo ina 658. Na huko gari likivuka miaka 13 tangu liandikishwe, kodi yake ya mwaka inapandishwa, jambo ambalo ni sababu mojawapo ya wenyewe kuyaachia. Kwa hiyo sisi tunapokea magari yaliyochongwa kukwepa mistari ya Wajapani, na kwa bahati mistari yetu inaangukia palepale.

Mark X ndiyo mfano ninaoupenda. Nyuma imeandikwa 250G, watu wanaogopa. Lakini injini ya GRX120 ni 2,499cc, imebakiza cc mbili kufika daraja la juu la usajili, kwa hiyo inalipa 250,000 ya kati. Ndugu yake GRX121 ni 2,994, huyo analipa 300,000. Kwenye ushuru wa bidhaa wote wawili wameshapita 2,000, wako kwenye asilimia 10, hakuna aliyepona.

Kwa IST ni kinyume. Kuna watu wanaitafuta NCP60 ya 1,298cc kwa bidii, wakiamini kodi yake ni nafuu kuliko NCP61 ya 1,496cc. Asilimia ni ileile na ada ni ileile. Chagua kwa sababu ya mafuta au hali ya gari, lakini siyo kwa sababu ya daraja. Kwenye Vitz ndipo unafuu upo kweli: KSP90 ina 996cc na haina ushuru wa bidhaa wa injini, SCP90 ina 1,296cc na inalipa asilimia 5. Ile ada ya injini ya 200,000 ni sawa kwa zote.

Kuna na ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 likizidi kumi. Huo haujali cc, ila unaweza kuumeza unafuu wote uliopata kwenye injini ndogo. Tutauandikia siku yake.

Swali lingine la kila wiki: "Na road license ya kila mwaka nitalipa wapi?" Hulipi. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 aliyoisoma Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango. Wenye magari ya zamani wanaikumbuka ile stika ya kioo cha mbele na trafiki wa kuikagua. Ilikuwa 150,000, 200,000 au 250,000 kwa mwaka kulingana na cc. Badala yake ada ya injini inalipwa mara moja tu gari linapoandikishwa, nayo ikapandishwa 50,000 kila daraja, kisha shilingi 40 zikaongezwa kwenye kila lita ya mafuta. Fanya hesabu: ili ulipe 150,000 kwa mtindo huo lazima uchome lita 3,750 kwa mwaka, kama lita 10 kwa siku. Dada mwenye IST ya kwenda kazini na kurudi amepona. Mwenye daladala, ambaye zamani alilipa stika akamaliza, sasa analipa kila anapoingia sheli.

Ukinunua gari lililokwisha kuwa na namba za hapa, ziwe za herufi D au E, ada ya injini haikuhusu tena, aliyeliingiza alishailipa. Wewe kwenye kubadilisha umiliki utakuta 50,000 ya uhamisho na 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu wa mkataba wenu. Dalali akikuambia "ongeza kidogo, gari lina cc kubwa", hapo anajitafutia chake.

Kabla hujatuma hata senti ya malipo ya awali, tutumie kwa WhatsApp namba ya chesisi, siyo picha ya gari. Herufi za mwanzo zinatutajia injini, na tunazilinganisha na cheti cha kusafirishia nje cha Japani, ambacho huandika ukubwa kwa lita, mfano 1.49 au 2.36. Kikisema 2.36 na tangazo linasema 2,000, tunakupigia simu. Mchanganuo tunautoa bure na unajibiwa siku hiyohiyo. Ukiupata mwezi Juni na gari likafika Agosti, uombe upya, maana Sheria ya Fedha mpya huanza Julai mosi.