Barua kwa wifi yangu, kabla sijampa kuku

Wifi yangu,

Asalaam alaykum. Kaka yako hajambo, watoto hawajambo, na kuku hawajambo, maana najua hao ndio hasa unaowaulizia. Tangu mhamie Fuoni mkapata ua wa kujinafasi, kila ukipiga simu unanidai kuku. Nitakupa. Ila naiandika barua hii hadharani kwa sababu huniombi peke yako: wapo mashoga zangu wa hapa Bububu, Unguja, yupo na jamaa wa Dar, kila mmoja ameona picha za kuku wekundu wakijichimbia chini ya mdimu akasema na mimi nataka. Bora niseme mara moja, wote wasome.

Kwanza wajue ni nani. Hawa si kuku wa kienyeji waliojaliwa rangi. Ni kuku wa mayai waliomaliza kazi. Huletwa mabandani wakiwa vifaranga wa siku moja, mbegu za kina Isa Brown na Lohmann Brown, wanaanza kutaga wiki ya 18 au ya 20, na mwaka wao wa kwanza kila mmoja hutoa mayai kama 300. Wakifika wiki ya 72 mpaka ya 80 mayai yanapungua, magamba yanakuwa mepesi, chakula hakipungui. Mwenye banda anapiga hesabu yake, anawauza wote kwa mkupuo alete wapya. Wanaingia sokoni Darajani na Mwanakwerekwe tenga kwa tenga, bei chee, na wapika supu wanawapenda kwa kuwa nyama yao ngumu haivurugiki chunguni.

Simlaumu mwenye banda, naye ana watoto wa kuwalisha. Wala sijifanyi mtawa, kuku namla na wewe umeniona arusini nikiwania paja. Lakini wale wachache ninaoweza kuwatunza nawanunua kwa bei ile ile ya wachinjaji, wanakuja kumalizia umri wao uani kwangu. Basi, hakuna falsafa zaidi ya hiyo.

Kaka yako alipowaona mara ya kwanza alisema nimenunua mifupa iliyobandikwa manyoya, na hakuwa mbali na ukweli. Shingo tupu, mgongo mwekundu kwa kudonolewa, kilemba kikubwa kimepauka na kulalia upande mmoja kama kofia ya mtu aliyesinzia kwenye daladala. Ukimtua chini hatembei. Anasimama pale pale ulipomuweka, anainua mguu, anaukunja vidole, anautua, anauinua tena, maana mchanga hajawahi kuukanyaga. Kisha jua linampata. Anaanguka ubavu, bawa kalitandaza, mguu kaunyoosha nyuma, jicho moja linatazama mbinguni. Mtoto wa jirani alinijia mbio analia, kuku wako kafa! Hajafa, anaota jua, na ndiyo mara yake ya kwanza.

Tazama na mdomo. Wengi hukatwa ncha ya mdomo wa juu utotoni ili wasidonoane. Kuku kama huyo ukimmwagia mtama juu ya saruji utamuonea huruma: anapiga, punje inaruka, anapiga tena. Muwekee chakula kwenye chombo chenye kina, sufuria kuukuu inatosha, achote.

Wazee wamesema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba mimi siwafungi, lakini wiki nzima ya mwanzo hawatoki nje ya banda na kile kiuga chake cha wavu, mpaka pawe kwao. Usiku utawabeba mmoja mmoja uwapandishe kwenye fito, kwa sababu wao hawajui kupanda. Ukiwaacha watalaliana pembeni rundo zima, na kwa joto letu wa chini anaweza kukosa pumzi. Fito ziwe chini, usawa wa goti. Ukiziweka juu kama za kuku wa kienyeji, akiruka asubuhi anaweza kuvunjika mfupa wa kifua. Mifupa yao haina nguvu, na hili la mifupa ndilo hasa lililonikalisha kitako kukuandikia.

Gamba la yai moja lina kalsiamu kama gramu 2. Kuku hulijenga kwa saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku akiwa hali kitu, kwa hiyo sehemu ya ile kalsiamu huitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, deni alilipe asubuhi akila. Akila chakula kisicho nayo deni linabaki, na usiku wa pili anakopa tena. Sasa fikiria deni la mayai 300 kwa mwaka. Kuku wa mwituni wa kule Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote, hutaga kumi na kitu kwa mwaka, akaatamia, akalea, akapumzika. Wetu wa kienyeji naye ana mapumziko yake: akishapata mayai ya kutosha analalia, hataki kuguswa. Huyu mwekundu hamu ya kulalia imetolewa katika mbegu yake, kizazi baada ya kizazi. Hana anayemwambia sasa basi.

Kwa hiyo, wifi, ukiwachukua kwa tamaa ya mayai mtakosana. Mayai utayapata, siku mbili yapo, siku ya tatu hakuna. Kule bandani waliwashiwa taa wakawa na mwanga wa saa 16 kwa siku. Huku kwetu jua linatoka kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, masika na kaskazi ni mulemule, na mwili wa kuku unafuata mwanga. Wengi wakishafika wananyonyoka. Utaamka ukute banda limejaa manyoya ukadhani ngawa kaingia. Kunyonyoka ni likizo yao: hawatagi miezi miwili hivi, wengine zaidi, na wakati huo ndio wa kuwapa chakula kizuri kuliko siku zote, maana unyoya karibu wote ni protini. Mama mkwe akaniuliza, unawalisha wa nini na hawatagi? Nikamwambia, nawalisha kwa sababu hawatagi. Hakunielewa, tukanywa chai.

Chakula si jambo la kutisha. Kuku mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Msingi wake ni chakula cha kuku wa mayai kinachouzwa madukani. Mabaki ya jikoni ni kionjo tu, hayawezi kuwa mlo. Machicha ya nazi wanayapenda mno, lakini yawe ya asubuhi ile ile na yawe kidogo, yakichacha mwaga. Mahindi yenye kuvu usiwape hata ukiona huruma kuyatupa, sumukuvu inaua ini polepole. Mchicha, majani ya mlonge, papai lililoiva kupita kiasi, hayo wape. Kwenye dagaa kuwa macho: wale wanaochemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, tunaowanunua kwa ajili yetu, chumvi yao ni nyingi kwa kuku. Tafuta wasiotiwa chumvi, au waloweke na umwage maji.

Halafu magamba. Hii ni kazi ya kaka yako, na asikudanganye kwamba hapendi. Akipita Fumba anarudi na kiroba cha magamba ya chaza na kombe, anayaosha, anayaanika, anaketi jioni na kinu kilichopasuka anaponda huku akisikiliza taarifa ya habari. Mwanzoni alikuwa anasaga unga laini kama wa bizari, akajisifu. Hapana. Vipande viwe vya chenga, kama mchele uliovunjika, ndivyo vinavyokaa kwenye firigisi vikayeyuka usiku wakati gamba linajengwa. Viweke kwenye chombo cha peke yake usivichanganye na chakula. Anayehitaji atakula, asiyehitaji atapita, wana akili hiyo.

Hata hivyo yapo yatakayokukuta. Tunaye mmoja tunamwita Sitaki. Ukimkuta kuku kajitenga kama alivyojitenga yeye, mkia chini, macho nusu, anakaza kisha anatulia, huenda yai limemkwama. Sitaki tulimkalisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka tumboni, robo saa, mimi nimemshika mabawa, naye baada ya kupiga makelele ya kwanza akafumba macho akawa mzito mikononi. Tukamfuta, tukampeleka pembe yenye giza na utulivu. Kabla ya alasiri alitoa yai bila gamba, ngozi tupu, linabonyea. Si kila mmoja hutoka salama. Ikipita siku yai halijatoka, muite daktari wa mifugo, wala usimkamue tumbo. Yai likipasukia ndani umemuua. Hao wengi mwisho wao ni huko huko kwenye kizazi, na ukiwapenda ujiandae. Akifika pa kuteseka bila tiba tunamuita mzee jirani anamchinja, na aliyekuwa mgonjwa hatumli.

La mdondo, au kideri, ule ugonjwa wa kuku waitwao Newcastle, sitaki mjadala. Hauna dawa. Ukiona kinyesi cha kijani na shingo imepinda umeshachelewa, na utamaliza kuku wako na wa mtaa. Chanjo yake, iitwayo I-2, ni tone moja katika jicho moja, kila miezi mitatu, kwa kuku wasioumwa tu. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulionao, na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hiyo kubalianeni majirani mchanje siku moja. Mshike kuku ubavuni, mgeuze kichwa, dondosha, subiri apepese. Na zile dawa za unga ambazo kila mtu anamwambia mwenzake tia kwenye maji, ziache mpaka daktari aseme. Ukizitumia, mayai usile wala usimpe mtu mpaka siku alizotaja zipite.

Utitiri unakuja usiku. Funua fito ukiwa na tochi, angalia kwenye nyufa. Majivu ya jikoni changanya na mchanga mkavu, wachimbie shimo pasipofika mvua, wenyewe wataoga. Masika sakafu iwe kavu, maranda ya seremala yabadilishwe mara kwa mara, unyevu ndio unaoleta kuhara damu. Kaskazi ikikaza utawaona midomo wazi, mabawa wameyaachanisha na mwili, kwani kuku hatoki jasho. Kivuli, na maji kwenye chungu cha udongo. Chombo cha plastiki juani ni kuwachemshia.

Kunguru utawajua. Walitolewa India wakaletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, na mpaka leo wanajiona wana haki ya kila kitu kilichomo uani. Kuku mkubwa hawamuwezi, lakini yai wanalichukua hata kabla halijapoa. Kutagia kuwe ndani, penye giza. Ngawa ndiye adui wa kweli, naye ni wa usiku. Wavu uingie ardhini, usiishie juu juu ya mchanga, na mlango uwe na komeo, maana kamba anaisukuma.

Jogoo usitafute. Kuku anataga bila jogoo, nashangaa watu wazima wanaobisha hili, na majirani zako wapya bado hawajakuzoea kiasi cha kuwaamsha kabla ya daku hata mwezi usio wa Ramadhani.

Limebaki moja, la utani ulioufanya mbele ya watu, kwamba wakinenepa watafaa kwenye arusi ya mwanao. Wifi, nimecheka kwa adabu. Arusi nitachangia, nitanunua kuku wa nyama wa kutosha pilau nzima na mpishi nitamlipa. Hawa hawamo. Nyama yao itawatoa wageni meno, na mimi itanitoa kwenye ndoa ya watu.

Njoo Alhamisi baada ya magharibi, gizani hawababaiki. Lete tenga, usije na kiroba, na usiwafunge miguu. Nitakupa watatu, kwa kuwa kuku mmoja peke yake hula kwa shida na hunyong'onyea. Sitaki habanduki kwangu. Kaka yako atapita kwenu Jumatano kuukagua wavu, na nimemwambia akikuta tundu linaloingia kiganja chake, Alhamisi usisumbuke na nauli.

Wifi yako,
Bububu