Amekataa Nyongeza

Dar es Salaam, Jumapili

Shoga yangu,

Hongera kwa kupewa kitengo. Umeniuliza mainjinia wako utawazuiaje wasihame. Nakujibu kwa yaliyonikuta wiki hii.

Jumatatu kijana wetu wa mfumo wa malipo aliniletea barua ya kuacha kazi. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, hata kukaa hakukaa. Notisi ya siku 28, kama sheria yetu ya kazi ya 2004 inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi. Huyu alikuja kwetu fildi, nikamfundisha mwenyewe. Malipo yakikwama saa nane usiku, ndiye anayeamshwa.

Mkurugenzi kusikia tu, akaagiza aongezewe asilimia 40. Shoga, roho iliniuma. Mwezi wa pili nilimwombea huyo huyo nyongeza ndogo, nikajibiwa bajeti haina. Kumbe hela ilikuwepo, ilikuwa inasubiri barua! Kijana akashukuru, akakataa. "Dada, ningepewa kabla, hata kwenye usaili nisingeenda."

Sasa wanataka bondi: ukipelekwa kozi, usaini kukaa miaka miwili. Nimewahi kukaa meza moja na mtu wa bondi. Alikuwa akikata miezi kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda, na saa kumi na moja ikigonga, kompyuta imeshafungwa.

Huko Nairobi kwenu ni pagumu zaidi. Microsoft walifungua kituo chao cha kutengeneza programu 2019, Google wakatangaza chao 2022; hao hutawaweza kwa mshahara. Na wakuu wenzako wakikuita mkubaliane kutochukuliana watu, usiingie. Apple, Google, Intel na Adobe walishtakiwa Marekani kwa jambo hilo hilo, na kesi ikamalizwa 2015 kwa dola milioni 415. Wanaoumia ni vijana.

Wewe kaa na kila mmoja wao mapema, kabla ya bajeti kupitishwa. Muulize amechoshwa na nini, anataka kujifunza nini, kisha mpiganie nyongeza yake angali yupo. Na kazi moja ijulikane na watu wawili. Hapo nilikosea mimi, na sasa nalipa.

Juzi Ijumaa tulibaki ofisini hadi saa mbili usiku, yule kijana anayeondoka akimwelekeza binti aliyeanza mwaka huu, hatua kwa hatua, binti anaandika kwenye daftari. Hakuna aliyemlazimisha kubaki. Kesho naanza kumwombea huyo binti nyongeza.

Wasalimie nyumbani.

Mama Imani