Nipigie picha ya uzi

Tengeru, Jumapili jioni

Mpendwa Eliya,

Salamu nyingi ndugu yangu. Huku tu wazima, mvua haitupi nafasi ya kuanika hata shuka. Mama Joy anakusalimu, na bado anauliza harusi lini.

Nimekaa kimya kwa sababu ya ule uzi. Tone la maji yenye polima linakaa kati ya visahani viwili, unavitenganisha, katikati unabaki uzi. Maji matupu yangekatika mara moja. Haya hayakatiki, kwa kuwa minyororo ya molekuli hunyooka na kushindana na mvutano wa uso unaotaka kuubana uzi. Kuiga hilo kwenye kompyuta ndiko kunakoninyima usingizi. Mlinganyo wa Oldroyd wa 1950 hauiwekei minyororo mwisho wa kurefuka: kasi ya kuvuta ikizidishwa kwa muda wa kulegea, yaani muda ambao minyororo iliyonyooka huchukua kujikunja tena, ikifika 0.5, ukinzani unakua bila kikomo. Natumia mlinganyo mwingine, FENE-P, wenye huo mwisho. Hata hivyo, karibu na visahani msongo ulikuwa unapanda ghafla mno, namba zinazopaswa kubaki chanya zinageuka hasi, programu inakufa. Dawa imekuwa njia ya Fattal na Kupferman ya 2004: unakokotoa logi ya tensa, lile jedwali la namba linaloeleza minyororo imenyooka kiasi gani na kuelekea wapi, na ukiigeuza kurudi, chanya imehifadhiwa. Eliya, sasa uzi unakwenda hadi mwisho! Nilimwamsha Upendo aje aone.

Lakini programu inaukubali muda wowote wa kulegea nitakaoiandikia, na kila mara inanipa uzi mzuri. Hilo linanitisha. Naambiwa nichukue thamani ya muda huo kutoka makala za watu niendelee. Sitaki. Nataka uzi wa kweli wa kuushindanisha nao.

Ndipo ninapokuhitaji. Simu yako inapiga video ya polepole, yangu haiwezi. Chemsha bamia, chuja ute, weka tone kati ya vifuniko viwili vya chupa, vuta cha juu haraka kisha ukiache palepale. Taa iwe nyuma, rula kando. Uzi ukishaanza kujikonda wenyewe, muda wa nusu kipenyo chake kushuka hadi asilimia 37 ni mara tatu ya muda wa kulegea. Hiyo hesabu niachie mimi. Andika na jotoridi tafadhali, Moshi kuna joto kuliko huku na ute ukipata joto hulegea upesi zaidi.

Bamia za huko zinapatikana sasa? Maabara ya shule bado ina kipimajoto? Utaweza kurudia mara kadhaa, kwa ute mzito na mwepesi? Na yule kaka wa Majengo alikurudishia kile kistendi cha kamera? Mama anaendeleaje na mguu? Mpe shikamoo yangu. Video usizitume kwa WhatsApp, zitabanwa. Mpe Joy kwenye flashi akija Jumamosi.

Rafiki yako,
Anande