"In the end" na "at the end" sio kitu kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee ile kona yenu ya Kiingereza, toleo ambalo mlipanga misemo minne kwenye jedwali, "in the end", "at the end", "at last" na "lastly", alafu mbele ya zote mkaandika neno moja tu, mwishowe. Kona hiyo naipenda kwa kweli na najua wapo wanaoikata na kuitunza, ndo maana nimeshindwa kunyamaza, maana mtu akishika kwamba zote nne ni kitu kimoja atakuja kuandika jambo ambalo hakulikusudia, na wala hatojua kama kakosea kwa sababu gramaa ya sentensi yenyewe itakuwa haina shida.

Chukueni sentensi fupi tu, "they agreed", yaani walikubaliana. Ukiandika "At the end of the meeting they agreed" umetaja wakati. Kikao kinaelekea kufungwa ndipo wakakubaliana, basi, hujasema kama kulikuwa na ubishi au hakukuwa. Ukiandika "In the end they agreed" wakati hujautaja kabisa, wanaweza kuwa walikubaliana katikati ya kikao au hata wiki kadhaa baada ya kikao, unachosema hapo ni kwamba palikuwa na mvutano, huyu anataka hiki yule anakataa, mambo yakaenda yakarudi, na baada ya yote hayo ndo yakapatikana makubaliano. Sasa ukiandika "At last they agreed" umeingiza na hisia zako, kwamba ulisubiri mpaka ukachoka na sasa umeshusha pumzi. Fikirini katibu anayeandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza akaweka hiyo "at last", wajumbe wakiusoma wataona wanasutwa kwamba walichelewesha mambo, na katibu wa watu hakuwa na nia hiyo hata kidogo, kafuata jedwali tu.

Kosa lingine ambalo hilo jedwali linalilea ni "in the end of". Watu wanaandika "in the end of the month", "in the end of the story", hapana jamani. Kama unataja muda au habari fulani na unataka kusema mwisho wa kitu hicho, ni "at the end of". "In the end" yenye maana ya matokeo inasimama peke yake, haidai "of" yoyote baada yake. Na kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chetu kinazitenganisha hizi mbili vizuri kabisa, tuna mwishoni mwa na tuna mwishowe. Mwishoni mwa mwezi, mwishoni mwa hadithi, hiyo ndo "at the end of". Mwishowe ni mwisho wake, ule "wake" umeshaingia ndani ya neno, kwa hiyo hakuna anayesema mwishowe wa mwezi, sikio linakataa lenyewe. Mwanafunzi angeambiwa hivyo tu angeacha kubahatisha, badala yake tunampa neno moja kwa misemo minne kana kwamba lugha yake haina hilo lingine.

Ila msije mkaandika kwamba "at the end" lazima ifuatwe na "of", sio kweli. Kama kitu chenyewe kinajulikana unaweza kukiacha. Mtu katoka kuangalia filamu anasema "I cried at the end", maana yake sehemu ya mwisho ya filamu ndo iliyomliza. Akisema "In the end I cried" anasema alijikaza akajikaza akashindwa, hata kama machozi yalitoka filamu ikiwa nusu. Mfano kama huu mmoja unafundisha kuliko jedwali zima.

Kuhusu "lastly" sina maneno mengi, hiyo ni ya kuorodhesha, la kwanza, la pili, la mwisho. Kwenye hotuba utasikia mtu anasema "At last, I would like to thank the guests", na anayejua lugha anaelewa kwamba msemaji alikuwa anaingoja shukrani hiyo kwa hamu muda wote. Alitakiwa kusema "lastly" au "finally".

Ambayo mliiacha kabisa na ndo inayowagharimu watu makazini ni "by the end of". Mkuu wako akikuandikia "Send the report at the end of the month" anaitaka ripoti zile siku za mwisho za mwezi. Akiandika "by the end of the month" unaweza kuituma hata kesho, ila mwezi usiishe hujaituma. Ni kihusishi kimoja tu kimebadilika, na kwenye mkataba tofauti hiyo inaweza kuzua ugomvi. Na ukisimulia yaliyopita ukaanza na "by the end of", mara nyingi kitenzi kinachofuata kinachukua "had", kwa mfano "By the end of the year she had finished the course".

Alafu kuna "eventually", iko jirani na "in the end" ila yenyewe inasisitiza kwamba muda mrefu umepita. Wanaojua Kifaransa au Kijerumani wawe makini nayo, kwenye lugha hizo kuna maneno yanayofanana nayo sana kwa sura lakini maana yake inaelekea kwenye labda, ikitokea.

Ombi langu, Mhariri, jedwali lile lisahihishwe kwenye kona ileile na kwa ukubwa uleule, sio kimstari kidogo chini ya ukurasa ambacho hakuna atakayekiona. Na safari hii wekeni sentensi nzima nzima. Kama nafasi ni ndogo anzeni na hii, "At first he refused, but in the end he agreed", maana hapo msomaji anaona kabisa mtu alikataa kwanza, kisha akabadilika, na "in the end" inakaa mahali pake bila kuhitaji maelezo marefu.

Msomaji wenu wa kila toleo