Vijana wanaosomea Kihispania wafundwe kuagana na wenyeji wao

Mhariri,

Kozi nyingi za kiangazi za Kihispania hufikia ukingoni mwishoni mwa Agosti, na kijana wa Lamu au Malindi aliyebahatika kwenda kusoma Salamanca, Granada au Madrid huanza kufunga sanduku. Kabla hajaondoka huku, kila mtu alikuwa na la kumwambia: viza, bima, tikiti, namna ya kuchagua shule ya lugha. Kuhusu siku ya kurudi hakuambiwa kitu zaidi ya “tusalimie wenyeji wako”. Sisi tunaofundisha lugha hiyo na kuongoza wageni wa Kihispania hapa Lamu tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba kuagana na familia iliyomlaza na kumlisha mtu kwa miezi miwili ni somo. Lina sarufi yake na adabu zake, na lifundishwe kabla kijana hajapanda boti ya kwenda uwanja wa ndege wa Manda.

Tuanze na kitenzi chenyewe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa Kiswahili tunasema “nilimuaga mama”. Anayeifuata njia hiyo atasema “despedí a mi madre española”, na msikilizaji ataelewa kwamba alimsindikiza mahali, au vibaya zaidi, alimwachisha kazi. Kitenzi hiki kinataka “me” mbele yake na “de” nyuma yake: “me despedí de mi madre española”. Kwa wingi ni “nos despedimos”, tuliagana. Kwa hiyo mwanafunzi wa pwani akumbuke “kuagana”, si “kuaga”, na kosa litampungua lenyewe.

La pili ni “kuja”. Kwetu mtu akiitwa kutoka chumba cha pili hujibu “nakuja!”, naye Mhispania hujibu “¡voy!”, yaani naenda. “Venir” hutumika kwa mwendo wa kuelekea pale msemaji alipo tu. Kijana aliyerudi Lamu na kuwaandikia wenyeji wake “vendré a veros”, nitakuja kuwaona, amekosea; aandike “iré a veros”, nitaenda kuwaona. Lakini akiwa bado mezani kwao anaweza kusema “volveré”, nitarudi, na hapo hakuna tatizo.

Neno “adiós” lina uzito kuliko “kwaheri” yetu ya kila siku. Kwa watu utakaowaona tena, au unaotumaini kuwaona, Wahispania husema “hasta luego” au “hasta pronto”, na hizo ndizo zilizo karibu na kwaheri ya kuonana. Lakini neno tunalolipenda kuliko yote kwa siku hiyo ni “ojalá”. Waislamu walitawala sehemu za rasi ya Iberia (Uhispania na Ureno za leo) tangu mwaka 711 mpaka Granada ilipoanguka 1492, na Kiarabu cha huko kiliacha maneno mengi katika Kihispania. “Ojalá” ni mojawapo, kwa maana ya asili ya “Mungu akipenda”, ndugu wa inshallah yetu. (Mtoto wa mtaa wetu wa Langoni atawakuta ndugu wengine: azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, azafrán ni zafarani, na alcalde, mkuu wa mji, ametoka kwenye neno lile lile lililotupa kadhi.) Baada ya “ojalá” kitenzi hubadilika: “ojalá nos veamos pronto”, inshallah tuonane karibuni, si “nos vemos”. Wanafunzi wa mataifa mengi huteswa sana na mabadiliko haya, lakini Mswahili anayajua tangu utotoni, kwa kuwa naye hugeuza irabu ya mwisho anapotoka kwenye “tunaonana” kwenda kwenye “tuonane”. Mwalimu anayefundisha pwani bila kuonyesha ulinganifu huu anamnyima mwanafunzi msaada mkubwa.

Mengine ni mafupi. “Estoy triste” ni kwamba nina huzuni sasa. “Soy triste” ni kwamba mimi ni mtu wa huzuni siku zote. Msichana anayeona haya kwa kusifiwa asiseme “estoy embarazada”, kwani atakuwa amesema ana mimba. Aseme “me da vergüenza”, naona haya. Shukrani hufuatwa na “por”, kamwe si “para”: “gracias por todo”, asante kwa yote. Na aliyejifunza kwa programu za simu mara nyingi amefundishwa Kihispania cha Amerika ya Kilatini, chenye “ustedes”, yaani ninyi, kwa watu wote. Huko ni sawa. Katika nyumba nyingi za Uhispania “ustedes” huweka umbali. Jamaa wa ndani huambiwa “vosotros”, na kwa hiyo “os voy a echar de menos”, nitawakumbuka.

Hayo yaandikwe pia. Kadi ya mkono yenye mistari sita hadi minane hukaa juu ya kabati la sebuleni kwa miaka. Ujumbe wa simu hupotea wiki hiyo hiyo. Ianze “Querida familia:” kwa nukta mbili, maana Kihispania hakiweki mkato hapo, na alama za mshangao zifunguliwe na kufungwa, ¡hivi! Itaje mambo mawili ya nyumba ile tu: mchuzi wa dengu wa bibi, au jinsi baba alivyosahihisha “r” yake kila asubuhi. Imalizie na “un abrazo muy fuerte”, kumbatio la nguvu. Rasimu apewe mwalimu siku tatu kabla, ili asahihishe makosa na aache sauti ya kijana ilivyo.

Sasa meza. Kwetu mgeni akishakula, akanawa na kushukuru, huomba ruhusa. Kukaa zaidi ni kumchosha mwenye nyumba. Uhispania ni kinyume. Chakula cha usiku huanza saa tatu au saa nne, na kikishakwisha watu hubaki wamekaa kwa mazungumzo yanayoitwa “sobremesa”. Maneno ya kuagana hutolewa hapo, usiku wa mwisho, hayatolewi mlangoni alfajiri. Anayeinuka mara baada ya kumeza tonge la mwisho ili akafunge sanduku huonekana ana haraka ya kuwakimbia. Sanduku lifungwe mchana. Na wakati wa kupanga mlo huo kijana achunge saa zetu: saa tatu usiku ni “las nueve”. Akisema “a las tres” akidhani anatafsiri saa tatu, familia itamngoja kwa chakula cha mchana.

Zawadi nzuri kuliko zote ni kuwapikia pilau siku mbili tatu kabla ya kuondoka. Jiko liombwe kwanza, kwa sababu mwenye nyumba ana ratiba yake. Mchele wa kwao wa paella (wali wao wa sufuria bapa), hasa aina ya bomba, ni mfupi na hunywa maji karibu mara tatu ya ujazo wake. Ukiutia kwenye pilau utapata bokoboko. Nunua basmati dukani. Kwa watu watano au sita, vikombe vitatu vya mchele na vikombe vinne na nusu vya supu vinatosha. Viungo vyote viko huko kwa majina yao: bizari nzima ni comino, mdalasini ni canela, iliki ni cardamomo, karafuu ni clavo, pilipili manga ni pimienta negra. Kwa nyama, tafuta bucha lililoandikwa “carnicería halal”. Katika miji yenye watu kutoka Moroko si taabu kulipata. Jambo linaloharibu shughuli ni jiko: nyumba nyingi zina jiko bapa la umeme la sumaku, na sufuria ya alumini haishiki moto juu yake. Omba sufuria ambayo sumaku hunata chini yake. Tena jiko hilo hupoa mara linapozimwa, hivyo pilau haiwezi kuachwa ijikaushe kwa makaa. Punguza nguvu hadi chini kabisa, funika kwa karatasi ya foili na mfuniko, uache dakika 15.

Zawadi za mkononi hufikiriwa Lamu, kabla ya safari, kwa sababu huko hazipatikani. Kikoi ni chepesi, hakivunjiki na kinatumika ufukweni. Kofia ya kushonwa kwa mkono huchukua miezi, kwa hiyo iagizwe mapema, na ni bora apewe babu wa nyumba ambaye kichwa chake kimekwisha pimwa kwa futi ya fundi. Viungo vikavu havina shida. Nyama, maziwa na vitokanavyo navyo, samli ikiwemo, haviruhusiwi kuingizwa Ulaya katika mizigo ya abiria. Basi halua ya samli ni heri ibaki. Maembe ya Malindi nayo, tangu Desemba 2019, hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Nazi na tende zimeruhusiwa. Kijana ajue pia kwamba Uhispania zawadi hufunguliwa papo hapo mbele ya aliyeitoa. Kwetu kuifungua mbele ya mgeni ni uroho. Kwao kuiweka kando ni kuidharau. Akipewa, afungue na aonyeshe furaha yake.

Pesa asiache mezani kamwe. Familia hulipwa kupitia shule ya lugha, na bahasha ya noti chini ya sahani huwaambia kwamba ulikuwa mpangaji tu.

Liko jambo ambalo wazazi wengi wa Lamu huliulizia kwa wasiwasi, nalo ni busu la mashavuni. Wahispania hupigana mabusu mawili wakutanapo na waaganapo, mwanamke kwa mwanamke na mwanamke kwa mwanamume. Anayeona dini yake haimruhusu asingoje siku ya mwisho kurudi nyuma ghafla huku mama mwenye nyumba amenyoosha mikono na machozi yanamlengalenga. Hilo huumiza. Alieleze jambo hili wiki ya kwanza, kwa utulivu: “Por costumbre, yo saludo con la mano en el corazón”, kwa desturi yangu nasalimia kwa mkono moyoni, na aweke mkono moyoni. Wakilijua tangu mwanzo, siku ya kuagana watamwekea mkono moyoni nao, bila mtu kufedheheka.

Asubuhi ya safari ni ya kazi ndogondogo. Uliza jana yake kama mashuka yavuliwe au yaachwe. Ondoa vyakula vyako kwenye friji. Ufunguo mpe mtu mkononi. Angalia ukutani: soketi za Uhispania ni za pini mbili za duara, na kibadilishio cha plagi yetu ya pini tatu ndicho kitu kinachosahaulika kuliko vyote. Wakikupa mafuta ya zeituni, chombo chochote cha zaidi ya mililita 100 hakipiti kwenye mzigo wa mkononi. Omba kopo badala ya chupa ya kioo, lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ulilaze katikati ya nguo za sanduku kubwa. Kutoka Salamanca hadi Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, ni mwendo wa basi wa zaidi ya saa mbili na nusu. Kama basi ni la alfajiri, waage wote usiku na uwaombe wasiamke. Mama ataamka tu.

Usikubali kubembelezwa uongeze wiki moja kabla hujaisoma viza yako. Sheria ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Uhispania ikiwemo, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa: aliyeingia Juni 1, siku yake ya 90 ni Agosti 29, si Agosti 31. Kisha, kibandiko cha viza huenda kimempa siku pungufu ya hizo 90, na idadi iliyoandikwa hapo ndiyo inayotawala. Kuchelewa hata siku chache huandikwa, na huweza kumfungia mlango atakapoomba viza tena ili akawaone watu hao hao.

Wenyeji watasema “aquí tienes tu casa”, hapa ni kwenu. Wanamaanisha, lakini si ruhusa ya kutokea bila taarifa. Mtu huandika kwanza na kungoja jibu. Nawe ukiwakaribisha Lamu, wakaribishe kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu, na uwaambie kwamba tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza ya kawaida kwa wageni: wataomba idhini ya safari kwa mtandao kabla ya kupanda ndege.

Ukifika nyumbani, tuma ujumbe siku hiyo hiyo: “Ya he llegado, todo bien”, nimeshafika, kila kitu salama. Hawatalala vizuri mpaka waupate. Simu usiipige baada ya chakula chao cha mchana, saa tisa hadi saa kumi na moja kwa saa zao. Wakati wa kiangazi wako nyuma yetu kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa zao, na tofauti inakuwa mbili mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Siku wanayoithamini kwa watoto ni Januari 6, sikukuu ya Wafalme watatu (Mamajusi), watoto wanapopewa zawadi. Piga saa nane mchana ya Lamu: kwao ni saa sita, zawadi zimekwisha funguliwa, keki ya duara iitwayo roscón iko mezani, na chakula cha mchana bado.

Walimu na waongoza wageni,
Mkomani, Lamu