Mwalimu, chukua ile ndogo

Section 58,
Nakuru.

Mwalimu wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote hatujambo. Mvua imeanza, vumbi limetulia, na mama watoto anakusalimu sana, ingawa anasema bado anakudai mbegu za mrenda ulizomwahidi tangu Krismasi.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Kwa hiyo mambo ni haya: jamaa wa mjini Kakamega anakuuzia Nikon D90 na lenzi yake ya 18-105 (milimita 18 ikiwa pana, 105 ukivuta karibu), mpwa wako aliye Nairobi yuko tayari kukuachia Sony RX100, na mfukoni mna pesa za kamera moja tu. Umebahatika kumwuliza mtu anayezijua zote mbili. D90 ninayo miaka na miaka, na binamu yangu alipokwenda kufanya kazi Qatar aliniachia RX100 yake. Nimetembea nazo zote mvua na jua.

Nikujibu kabla sijazunguka: chukua ile ndogo, RX100. Ninajua jibu hilo linatoka kwa mtu ambaye akitoka nyumbani hubeba D90. Lakini wewe si mimi, na kazi uliyonieleza si kazi yangu.

Umesema unataka kuwarekodi wazee wa isukuti huko Ikolomani wangali na nguvu. Jambo jema, tena lina haraka. Hata UNESCO mwaka 2014 waliiingiza ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa upesi. Sasa fikiria uwanja wenyewe: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe inalia, njuga za chuma, watu wanakujia kisha wanarudi nyuma. D90 ilipotoka mwaka 2008 ilikuwa DSLR (zile kamera kubwa za kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) ya kwanza kuchukua video, na watu walishangaa kweli. Ila ndiyo ilikuwa inafungua njia. Inarekodi HD ya 720, ikifika dakika 5 inajikata. Sauti inaingilia maikrofoni moja ndogo. Na ukishabonyeza kuanza, fokasi haijisogezi. Lazima uzungushe lenzi kwa mkono huku umekodolea macho skrini iliyopigwa na jua. Mzee akikujia akicheza, uso wake unakuwa ukungu. Ukigeuka haraka kumfuata, nguzo za nyumba zote zinalala upande kwenye video. Dakika 5, Mwalimu! Dakika 5 za isukuti hata mabega hayajapata moto.

RX100 ni ya mwaka 2012, na miaka hiyo minne katikati ilibadilisha mengi. Inarekodi HD kamili ya 1080, sauti ya pande mbili, fokasi inamfuata mtu yenyewe, na inaweza kwenda karibu nusu saa bila kukatika. Kama ungekuwa umeniuliza habari ya video peke yake, barua ingeishia hapa.

Lakini umeuliza pia habari ya picha za usiku, na najua muuzaji wako amekuambia nini, maana wauzaji wote huimba wimbo mmoja: kamera kubwa ina kipokezi kikubwa cha mwanga. Si uongo. Cha D90 ni milimita 23.6 kwa 15.8, cha RX100 ni 13.2 kwa 8.8. Piga hesabu utaona eneo la kile kikubwa linazidi mara 3. Sasa, hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine iko kwenye lenzi. Ile 18-105, ikiwa pana kabisa, tundu lake linafunguka hadi f/3.5 na haliendi zaidi (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka). Ya Sony, ikiwa pana, inafunguka hadi f/1.8. Hiyo ni mwanga karibu mara 4 kwa kila milimita ya mraba. Gawanya mwenyewe, wewe ndiye wa hisabati: kwa picha pana, ndani ya nyumba, usiku, ile ndogo haishindwi hata kidogo.

Niliijaribu hapa jikoni. Stima zilikuwa zimepotea, taa ya sola ikaning'inizwa kwenye msumari, mama watoto anachambua omena kwenye ungo. Kwa kasi ile ile ya shata, yaani mlango unaofunguka kuingiza mwanga, D90 ililazimika kuongeza wepesi wake wa kuhisi mwanga hadi ISO 3200, ambayo kwake ndiyo mwisho wa kawaida. RX100 ikatulia kwenye 800. Nilipozifungua kwenye kompyuta, chengachenga za kivulini zililingana, na macho ya omena unayahesabu kwenye picha zote mbili. Tofauti niliyoiona ni rangi ya ngozi: D90 iliupa uso wekundu wa joto ninaoupenda, Sony ikauacha wa kijivu kidogo. Labda ni mazoea yangu.

Ukivuta karibu, hadithi inageuka. Lenzi ya Sony inajibana hadi f/4.9, hapo haina tena faida juu ya 18-105, na ukubwa wa kipokezi ndio unaoamua. Picha ya uso wa mtu peke yake jioni, D90 itakuwa safi zaidi na nyuma kutalainika vizuri. Na ukiifunga ile lenzi ndogo ya 50mm f/1.8D, basi, mjadala umefungwa. D90 ina mota ya fokasi ndani ya mwili, kwa hiyo lenzi hiyo ya zamani inajilenga yenyewe. Kwenye Nikon nyingine kama D40 au D3000 ungezungusha kwa mkono. Jamaa wako angekuwa anauza na 50mm juu, ningekuandikia kwa kusitasita zaidi. Lakini anauza 18-105 tu, na wewe umesema pesa zikiisha zimeisha.

Kuna jambo moja ambalo karatasi za maelezo hazilisemi. Ukichungulia kwenye D90, unaona dunia. Mwanga umepita kwenye lenzi, ukagonga kioo, ukafika jichoni. Hakuna umeme katikati, hakuna kuchelewa. Mchana wa saa saba hapa Nakuru, juani, unamwona mtu hadi jasho la juu ya mdomo. RX100 hiyo ya kwanza haina kitundu cha kuchungulia kabisa, ni skrini tu, na saa saba skrini hiyo inakuonyesha uso wako mwenyewe. Nimepiga picha nyingi kwa kukisia tu.

Upande wa pili, skrini inakuonyesha picha kabla hujaipiga. Wewe unajua taabu ya watu wetu na mahema meupe. Kamera ikiona weupe mwingi nyuma inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na mama wa watu anatoka giza tupu, meno na kitambaa tu. Kamera zote mbili hufanya hivyo. Dawa ni kuongeza mwanga, +0.7 au +1. Kwenye RX100 unazungusha gurudumu na unaona uso ukifunguka hapo hapo. Kwenye D90 unapiga, unaangalia, unaongeza, unapiga tena, na mchungaji ameshamaliza kubariki. Mimi nimezoea, mkono unaongeza wenyewe. Wewe unayeanza, na wanafunzi wa chama chenu cha picha wanaokuzunguka, skrini itawafundisha haraka.

Halafu watu. Hili ndilo lililonifanya niseme ndogo bila kusita. Nenda soko la Wakulima hapa na D90 shingoni. Kabla hujaondoa kifuniko cha lenzi, mwenye nyanya ameshauliza, "Wewe ni wa gazeti gani?" Anayefuata anauliza kama umetumwa na kanjo, wale askari wa jiji. Tangu Nakuru iwe jiji mwaka 2021 hofu ya kanjo haijapungua, kama haikuongezeka. Wa tatu anataka pesa kwanza. Na akikubali, anasimama wima, mikono kando, uso wa kitambulisho. Nikienda na ile ya mfukoni, wananiona mtu wa kucheza tu. Wanaendelea kupanga sukuma wiki, kubishana bei, kucheka. Si kwamba nawaiba. Naomba ruhusa vile vile. Ila ruhusa ya kamera ndogo huja na mtu akiwa bado ni yeye. Wazee wako hawa, unataka wacheze au unataka wapige pozi?

Uzito nao usiudharau. D90 na lenzi hiyo na betri yake inapita kilo moja na robo pamoja na mkanda na begi, na ukishuka Khayega kwa boda boda wakati wa mvua, begi lile utalikumbatia. RX100 ni gramu 240, inaingia mfuko wa shati, na inachajiwa kwa waya wa USB ndani yake yenyewe, hata kwa pawabenki. Betri yake ni dhaifu, hilo lazima nikuambie: kiwandani wanasema picha 330, na ukirekodi video itakwisha mapema. D90 wanasema 850, nami naamini.

Utakachokosa ni flashi. D90 ina reli juu ya kichwa, unafunga flashi kubwa, unaielekeza kwenye paa la hema jeupe, mwanga unarudi laini juu ya kila mtu. Kwenye matanga na harusi za huko kwenu, chini ya hema, hakuna kinachoishinda. (Chini ya mabati matupu, sahau, mwanga unapotelea huko juu.) RX100 haina reli. Ina flashi ndogo inayochomoza, nayo ina siri: unaweza kuivuta nyuma kwa kidole ikatazama dari. Chumba kidogo chenye dari nyeupe inasaidia. Hema la watu mia, haifui dafu.

Na tafadhali usinunue yoyote kati ya hizi kwa ajili ya mbega wa msitu wa Kakamega. Ile 18-105 haifiki, RX100 ndiyo kabisa. Nimejaribu heroe kwenye ziwa hapa, siku hizi maji yalivyopanda wengi wakahamia Bogoria, na waliobaki wako mbali, na kwenye gari huruhusiwi kushuka. Walitoka doti za waridi. Kwa wanyama ni lenzi ya 70-300 au uangalie kwa macho.

Kama bado moyo wako uko kwa D90, maana nakujua ukishapenda kitu, basi fanya hivi. Mwambie muuzaji apige picha moja leo na akutumie faili lenyewe, kwa WhatsApp alitume kama dokumenti, asilitume kama picha, kwa sababu likitumwa kama picha maelezo ya ndani yanafutwa. Ndani ya faili la Nikon kuna hesabu ya mara ambazo shata imefyatuliwa. Nikon waliijaribu shata ya D90 kwa mara 100,000. Ikiwa imepita hapo si kwamba itakufa kesho, lakini bei aliyokutajia si yake tena. Kisha mkutane mchana: piga anga tupu kwa f/22, ukuze picha, madoa meusi ni vumbi, na hilo fundi hulisafisha. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi uangalie kwa mbele. Ukiona nyuzi nyuzi za utando, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Kakamega kuvu haikosekani. Lenzi yenye kuvu iache hapo hapo. Shika mpira wa nyuma pale kidole gumba kinapokaa. Kwenye D90 nyingi huvimba na kubanduka. Hiyo si ugonjwa, ni ya kukatia bei.

Na ya mpwa wako nayo usiichukue kwa macho ya undugu. Iwashe na kuizima mara kadhaa, usikilize lenzi ikitoka na kuingia. Ikisaga kama ina mchanga, mrudishie na umshukuru. Piga anga kwa f/11. Vumbi likiwa ndani ya hii, hakuna wa kuling'oa bila kuifungua yote, na fundi wa kuifungua akairudisha sawasawa mimi simjui.

Nitumie hilo faili na picha za anga za zote mbili, nitakuangalilia. Likizo ya Agosti nakuja huko, wazee wakikubali. Tafuta betri ya pili ya Sony mapema na uzijaze zote usiku. Wewe utashika video, mimi nitakaa pembeni na D90 na ile 50mm yangu, na hao wa chama cha picha waje wawili watatu, wasije darasa zima.

Wasalimie nyumbani.

Mimi rafiki yako wa Nakuru.